Kupitisha bomba la gesi chini ya mji wa kale: mwongozo kamili kwa Mikindani

Ardhi ya Mikindani, mji wa kale wa pwani jirani na Mtwara, haiko tupu. Ukipiga sululu katika kichochoro cha pale unaweza kukuta kisima kilichofukiwa, shimo la choo cha enzi za babu, vigae vya vyungu, au kaburi ambalo hakuna aliye hai anayejua ni la nani. Pembeni yako, hatua mbili tu, umesimama ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Msingi wake haukwenda chini sana, na haujawahi kutikiswa na mashine. Ndiyo maana kuingiza gesi asilia hapa si sawa na kuiingiza katika viwanja vilivyopimwa vya Shangani, Mtwara mjini.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa kazi, fundi, mtendaji wa kata, na mwenye nyumba anayetaka kujua kitakachotokea mbele ya baraza yake. Anayefanya kazi Kilwa Kivinje au kwenye majengo ya zamani ya Lindi mjini utamfaa pia, maana kuta ni zilezile na bahari ni ileile.

Msimamo wangu niuseme mapema: mji wa kale unachimbwa mara moja. Bomba la gesi lenyewe ni kazi nyepesi. Kinachouumiza mji ni kufukua kichochoro kilekile leo kwa gesi, mwakani kwa maji, mwaka unaofuata kwa nyaya, na kila mara udongo ulioshikilia msingi unalegea. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Kwa nini gesi, na si kitu kingine

Miji ya kale ya Ulaya ya kaskazini ikitaka kupunguza hewa ukaa huchimba mitaa yake kupitisha maji ya moto. Yanalazwa mabomba mawili, la kwenda na la kurudi, kila moja chuma kilichovikwa povu zito na ganda la plastiki, na nyumba zote zinapata joto kutoka kituo kimoja. Mjini Drammen, Norwei, sehemu kubwa ya joto hilo huvutwa kwa pampu kutoka kwenye maji baridi ya bahari. Kwetu hakuna anayeomba nyumba yake ipashwe joto. Moto tunaoutaka ni wa jikoni, na jikoni kwingi moto huo bado ni mkaa.

Gesi iko jirani. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, inasafishwa Madimba, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba kubwa hadi Dar es Salaam.

Lakini tusidanganyane, gesi asilia nayo ina hewa ukaa. Ikichomwa hutoa takribani kilo 56 kwa kila gigajuli ya joto. Mkaa unapita kilo 100, kabla hujahesabu kilichopotea kwenye tanuri la kuchomea. Hapo gesi inashinda. Ikivuja bila kuwaka, hesabu inageuka: methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hii, ikitoroka hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa, ukipima kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo faida yote ya mazingira imo katika viungo vya bomba visivyovuja. Jambo jingine la kulitazamia ni kwamba bomba hilohilo la plastiki linaweza baadaye kubeba gesi ya samadi iliyosafishwa vizuri, bila kuchimba tena.

Hatua ya 1: Ruhusa, na mpangilio wake

Mwenye gesi na mtandao ni TPDC, na msimamizi wa shughuli hiyo kisheria ni EWURA. Hao ndio wa kuanza nao, kwa sababu viwango vya bomba, kina cha mtaro na umbali kutoka kwenye nyumba vitatoka kwao. Tarakimu nitakazotaja ni za desturi ya kazi hii. Mchoro uliopitishwa ukisema tofauti, fuata mchoro.

Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA. Barabara kuu ya Mtwara–Lindi inayopita ukingoni mwa ghuba ni ya TANROADS, na kuivuka kunahitaji kibali chake peke yake. Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, NEMC kwa upande wa mazingira, OSHA kwa usalama wa wafanyakazi, na Zimamoto wote waandikiwe kabla ya chepe la kwanza.

Ofisi inayosahaulika ni ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayevikuta atoe taarifa. Usijifariji kwamba jengo ni la karibuni: Boma la Wajerumani pale Mikindani ni la mwaka 1895, liko nje ya tarehe hiyo, lakini sheria inaruhusu majengo ya baadaye nayo yatangazwe kuwa urithi. Omba mtaalamu wa akiolojia awepo mtaroni tangu siku ya kwanza. Akiitwa baada ya kitu kuvunjika, atabaki kuandika ripoti ya uharibifu tu, na kazi yako itasimamishwa kwa muda ambao hukuupangia bajeti.

Hatua ya 2: Kuijua ardhi kabla ya kuigusa

Anza kwa wazee. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, amkia, kaa barazani, kunywa ulichokaribishwa. Usiulize "Mzee, chini hapa kuna nini?" Swali hilo halijibiki. Muulize maji yalikuwa yanachotwa wapi kabla ya bomba la idara ya maji. Choo cha nyumba ile iliyoanguka kilikuwa upande gani. Watoto walikuwa wanakatazwa kucheza wapi na kwa nini. Mvua kubwa ikinyesha maji yanakimbilia wapi. Bibi aliyeolewa mtaani hapo akiwa msichana mara nyingi anajua visima kuliko mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba ndoo. Kila jibu liweke kwenye ramani kwa penseli, pamoja na jina la nyumba kama watu wanavyoiita.

Mashimo ya vyoo yapewe uzito wa pekee. Shimo lililofunikwa kwa mbao na udongo zamani linaweza kummeza mtu. Jambo la pili, baya zaidi, ni kwamba gesi ikivuja karibu nalo itajikusanya mle kimyakimya. Likikutwa kwenye njia, lijazwe lote kwa kifusi kilichoshindiliwa, au njia ihamishwe. Kuliruka juu kwa bomba si chaguo.

Kisha ongea na MTUWASA kuhusu mabomba ya maji na TANESCO kuhusu nyaya, halafu chimba mashimo ya majaribio kwa mkono. Upana wa nusu mita na kina cha mita moja na kidogo vinatosha, kila panapokutana vichochoro na kila ambapo wazee wamesema kuna kitu. Shimo la majaribio litakuonyesha mambo matatu: msingi wa ukuta umeishia wapi, mwamba wa matumbawe unaanzia wapi, na maji ya chini yako umbali gani. Kwa hilo la tatu, lipime wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa. Ukipima maji yakiwa yamekupwa utapata jibu zuri lisilo la kweli.

Hatua ya 3: Kuta kwanza

Hatua hii ndiyo nimeona ikirukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta ugomvi.

Kabla ya kuchimba, piga picha kila ukuta ulio kando ya njia, nje na ndani, mwenye nyumba akiwepo. Kila ufa upewe namba. Mwanzo na mwisho wa ufa uwekewe alama ya penseli yenye tarehe, na katikati bandika kipande chembamba cha kioo au kiraka cha jasi kinachovuka ufa. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Karatasi ya nyumba hiyo isainiwe na pande mbili, kila upande ubaki na nakala. Mwenye nyumba analindwa, nawe unalindwa dhidi ya ufa uliokuwepo tangu enzi za ukoloni.

Ukuta uliotoka tumbo, ulioachana na boriti, au ambao chokaa yake inamwagika ukiugusa, uegemezwe kwa magogo kabla ya kazi na uondolewe egemeo baada ya mtaro kufukiwa na mvua moja kubwa kupita. Nyumba za fito na udongo zina hatari yake: hazipasuki kwa onyo, zinakaa chini ghafla udongo wa chini ukilowana.

Kuhusu mtikisiko, kiwango cha Kijerumani cha DIN 4150, kinachotumika sana duniani, kinaweka kikomo cha milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi wa jengo la urithi pale mtikisiko unapokuwa wa taratibu. Kama mkandarasi ana kipimo cha mtikisiko, kiwekwe. Kama hana, basi nyundo ya upepo na rola visiingie kichochoroni, mjadala umekwisha.

Hatua ya 4: Njia, ukubwa na presha

Watu wengi hudhani gesi ya mtaa mzima inahitaji bomba la kutisha. Tupige hesabu. Jiko la vichomeo viwili likiwashwa lote linakula karibu kilowati 4, yaani kama mita za ujazo 0.4 za gesi kwa saa. Nyumba 60 zikipika kwa pamoja, jambo ambalo hata jioni ya Ramadhani halitimii sawasawa, ni mita 24 kwa saa. Bomba la plastiki la milimita 63 linabeba kiasi hicho kwa umbali wa mitaa kadhaa bila taabu, hata kwa presha ndogo ya milibaa 100. Matawi ya kuingia majumbani ni milimita 25 au 32.

Hesabu hiyo inakupa uhuru wa kuteremsha presha kabla ya kuingia vichochoroni. Bomba linaloleta gesi kutoka nje ya mji linaweza kuwa na baa 4. Weka kituo kidogo cha kupunguzia presha ukingoni mwa mji wa kale, mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko, palipozungushiwa uzio na penye nafasi ya gari la zimamoto. Kuanzia hapo, kati ya kuta, tembeza presha ndogo. Itakugharimu bomba nene kidogo kuliko ambalo ungetumia kwa presha kubwa, na tofauti hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na usingizi wa watu.

Njia ipite katikati ya kichochoro. Kutoka ukutani jitahidi kuacha mita moja. Kanuni ya kukumbuka: chora kwa mawazo mstari unaoshuka kwa mteremko wa nyuzi 45 kutoka ukingo wa chini wa msingi. Mtaro usiingie chini ya mstari huo. Kichochoro kikiwa chembamba kiasi kwamba huwezi kuuepuka, inua mtaro na ulinde bomba kwa bamba la zege juu yake, au zunguka kwa njia nyingine.

Sasa ule uchimbaji wa mara moja. Kwenye mtaro huohuo laza mabomba matupu kwa ajili ya nyaya za umeme na mkongo wa mawasiliano, umbali wa milimita 300 au zaidi kutoka kwenye gesi, na kama MTUWASA ina bomba chakavu hapo, walete walibadilishe wiki hiyohiyo. Kuwakutanisha wote hao ni kazi inayochosha kuliko kuchimba. Ifanye hivyohivyo.

Na kila nyumba iachiwe tawi lake lililozibwa, hata nyumba ambayo mwenyewe hawezi kulipia mwaka huu. Watu wa Mtwara hawajasahau mwaka 2013, walipopinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa kauli ya "gesi haitoki". Bomba lipite mlangoni kwa mtu bila kumwachia hata tawi? Hilo ni kosa la kijamii, na la kiufundi pia, maana atakapopata hela ya korosho utalazimika kufukua tena.

Kuvuka barabara kuu, toboa chini kwa mashine bila kukata lami. Ndani ya vichochoro mashine hiyo siipendekezi: inakwenda gizani, na giza la chini ya Mikindani lina visima.

Hatua ya 5: Kuchagua wakati

Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingine Mei. Kuanzia Oktoba vijana wengi wamo mashambani kwenye korosho. Dirisha lako ni Juni hadi Septemba, wakati wa kusi. Vichochoro vya karibu na ghuba vichimbwe siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, vya mlimani siku za bamvua. Mbele ya msikiti usichimbe Ijumaa.

Hatua ya 6: Kuchimba

Vifaa ni sululu, mtaimbo, chepe, karai na toroli. Mtaro wa upana wa milimita 400 unamtosha mtu kufanya kazi. Kina kiwe cha kuacha udongo wa milimita 750 juu ya bomba kichochoroni, na mita moja au zaidi panapopita magari. Ukilazimika kuzidi kina cha mita 1.2, au udongo ukiwa mchanga mtupu, kingo zizuiwe kwa mbao hata kama ni kwa saa mbili.

Usifungue mtaro mrefu. Kando ya kuta dhaifu, fungua mita 2 hadi 3, laza, fukia, sogea. Kwingine usifungue zaidi ya unachoweza kukifunga kabla ya jioni. Kifusi kisirundikwe ukutani, kwa sababu uzito wake unausukuma ukuta uleule unaouhurumia. Kibebwe kwa toroli hadi kiwanja cha wazi. Milango yote iwe na mbao za kuvukia zenye vishikio. Na ziwepo mbao pana za akiba, kwa sababu msiba haukupi taarifa, na jeneza lazima lipite.

Ukifika kwenye mwamba, vunja kwa mtaimbo na patasi kidogokidogo. Ni polepole, wachimbaji watalalamika, na wana haki ya kulipwa zaidi kwa mita ya mwamba. Weka bei mbili kwenye mkataba tangu mwanzo.

Vitakavyoonekana: vigae vya vyungu, ushanga, vipande vya vyombo vya kigeni, mabaki ya uchomaji wa chuma. Kuizunguka ghuba hii watu wameishi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo usishangae. Wachimbaji waelezwe asubuhi ya kwanza kwamba anayekuta kitu anasimama, hakiokoti, anaita. Ahadi ya zawadi ndogo kwa anayetoa taarifa inasaidia, ila isiwe kwa thamani ya kitu, usije ukaanzisha biashara. Ikionekana mifupa ya mtu, funika kwa kitambaa safi, ondoa watu, waite polisi, mtaalamu wa Mambo ya Kale na viongozi wa dini wa mtaa, kwa pamoja. Mara nyingi jibu litakuwa kuhamisha bomba, na kumwacha marehemu alipo.

Hatua ya 7: Kulaza na kuunganisha

Pwani hii chuma hakidumu ardhini. Plastiki ya polithini, ya rangi ya njano au nyeusi yenye mistari ya njano, haiogopi chumvi. Adui zake ni jua, jiwe lenye ncha, na uchafu kwenye kiungo. Marobota ya bomba yawekwe kivulini hadi siku ya kulazwa.

Chini ya mtaro tandika mchanga milimita 100, usawazishe, laza bomba likiwa na mlegeo kidogo kama nyoka, kwa sababu litajikunyata likipoa. Kona usizilazimishe: mpinduko wa bomba la milimita 63 uwe na nusu kipenyo cha mita 1.5 hivi, na kona kali ikitakiwa tumia kiungo cha kona. Mchanga usichotwe ufukweni. Ni kosa, unakula pwani yenyewe, na chumvi yake inapanda kwenye kuta za chokaa. Nunua wa mashimo.

Kuunganisha ndiko kunakoamua kama mradi huu ni wa mazingira au ni wa kuvujisha methani. Kwa viungo vya kulehemu kwa umeme, mpangilio haubadiliki. Kata bomba mraba. Kwangua ngozi ya juu, unene wa milimita 0.2 hivi, kuzunguka bomba lote, kwa kikwangulio chenyewe na si kwa kisu wala msasa. Futa kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia, subiri ikauke, na kuanzia hapo usiguse kwa kidole. Ingiza hadi alama, bana kwa kibano ili bomba lisitikisike, soma msimbo wa kiungo kwa mashine, washa. Ikimalizika, kibano kibaki mpaka muda wa kupoa ulioandikwa kwenye kiungo uishe. Fundi anayefungua kibano mapema kwa sababu adhana ya Magharibi inakaribia aambiwe aanze kiungo hicho kesho. Kila kiungo kipewe namba, jina la aliyelehemu na saa. Kinachotiliwa shaka hukatwa; hakirudiwi.

Karibu na ghuba kuna mtego wa maji. Bomba lenye gesi ni jepesi kuliko maji. La milimita 110, maji yakijaa mtaroni, linasukumwa juu kwa nguvu ya kama kilo 6 kila mita. La 63 kwa kama kilo 2. Udongo ukiwa bado haujashindiliwa, bomba litaelea na kuuacha mchanga wake chini. Liwekee mifuko ya mchanga kila mita mbili kabla bahari haijajaa.

Sambamba na bomba laza waya wa shaba uliovikwa plastiki, ili siku za usoni litafutwe kwa mashine bila kufukua.

Hatua ya 8: Kujaribu

Fukia mwili wa bomba kwa mchanga, acha viungo wazi, jaza hewa hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi au kiwango cha mchoro, kipi kikubwa. Acha itulie, kisha soma kipimo kwa saa 24. Presha ikicheza mchana na kurudi usiku, huenda ni jua linalopasha sehemu iliyo wazi. Ndiyo sababu ya kufunika. Ikishuka isirudi, paka povu la sabuni kiungo kimoja kimoja. Usitafute mvujo kwa kiberiti, hata kwenye hewa tupu: mazoea hayo yatakufuata siku ya gesi.

Hatua ya 9: Kufukia

Mchanga milimita 150 juu ya bomba, kisha udongo uliochujwa mawe. Milimita 300 juu ya bomba tandaza tepe ya njano ya tahadhari. Shindilia kwa kishindilio cha mkono, tabaka za milimita 150, udongo ukiwa na unyevu wa kushikana. Tabaka nene linaloshindiliwa kwa haraka litakaa chini mvua ya kwanza ikija, na ukuta utalifuata.

Mikindani inateremka kuelekea ghuba, na mtaro uliojaa mchanga kwenye mteremko ni mfereji uliofichwa. Maji ya mvua yataingia juu, yatakimbia kando ya bomba, yatabeba mchanga, yatachimba chini ya misingi na kutokea uani kwa mtu wa chini. Dawa yake ni vizibo vya udongo wa mfinyanzi: kila mita 10 hadi 15 kwenye mteremko, acha mchanga, jaza mfinyanzi ulioshindiliwa kwa urefu wa nusu mita, upana na kina chote cha mtaro. Vizibo hivyo pia vinaizuia gesi inayovuja isisafiri na mchanga hadi chini ya nyumba ya mbali. Ni kazi ya karai chache za udongo, na bado ndiyo inayokatwa kwanza bajeti ikibana. Usikubali.

Juu rudisha kilichokuwepo. Kama palikuwa na mawe, yawe yalipigwa picha na kuwekewa namba. Zege laini la kuziba kichochoro chote usilitie; maji yatakosa pa kuzama na yatapanda kutani.

Hatua ya 10: Kuingia nyumbani

Plastiki inaishia ardhini. Inapotoka juu, badili kuwa chuma kilichopakwa au shaba, kwa kuwa jua na moto vinaiharibu plastiki. Kisanduku cha mita na cha kupunguza presha hadi milibaa 20 hivi kiwekwe ubavuni au uani, kamwe si kando ya mlango wa kuchongwa wala kwenye baraza.

Tundu la ukutani litobolewe kwa mashine ya kuzungusha isiyopiga nyundo, kutoka nje, likiinamia nje kidogo ili mvua isiingie. Tafuta kwanza boriti ziliko, usizikate. Bomba lipite ndani ya mfuko wa bomba kubwa zaidi, uzibwe upande wa ndani na uachwe wazi upande wa nje, ili gesi ikivuja ndani ya ukuta itoke barabarani. Pengo kuzunguka mfuko lijazwe chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Saruji usiitumie: inaziba unyevu, chumvi inajikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache jiwe linapukutika huku saruji ikibaki imesimama peke yake.

Jikoni kuna mazoea ya kubadilisha. Gesi ya mtungi ni nzito, inatambaa sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda darini. Kwa hiyo tundu la hewa liwe juu, na kwenye jiko lenye dari ya boriti lisizibwe kwa sababu ya vumbi au popo, liwekee wavu. Jiko la mtungi nalo halifai hivihivi, kwani vitundu vya vichomeo vyake ni vidogo mno kwa gesi hii. Fundi avibadilishe, au moto utakuwa dhaifu na mama atarudi kwenye mkaa.

Hatua ya 11: Kuwasha na kukabidhi

Gesi inapoingizwa mara ya kwanza hewa lazima itolewe yote. Methani huweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na wakati wa kuingiza gesi mchanganyiko ndani ya bomba hupitia hapo. Sukuma hewa kwa naitrojeni, toa kwa bomba refu la juu, mbali na vyombo vya moto na wavutaji sigara, mpaka kipimo kionyeshe gesi tupu. Wauza samaki wa kukaanga wa mtaa huo waombwe wazime majiko kwa saa hizo, na wafidiwe mauzo yao.

Watu wanusishwe harufu. Gesi yenyewe haina. Hutiwa dawa inayonuka vibaya makusudi. Ikisikika ndani: funga koki, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya umeme, toka, piga simu ukiwa nje. Kila sehemu ya mtaa iwe na valvu yake ya kufungia. Ufunguo wake uwe na watu wawili wanaojulikana, mmoja akiwa jirani kabisa, na namba zao za simu zibandikwe msikitini, dukani na kwa mwenyekiti.

Ramani ya mwisho ichorwe kama bomba lilivyolala kweli, sio kama lilivyopangwa, na vipimo vyake vichukuliwe kutoka kwenye kona za nyumba za mawe, ambazo hazihami, wala si kutoka kwenye nguzo ya umeme au mwembe. Onyesha kila tawi lililozibwa, kila kizibo cha mfinyanzi, kila shimo lililojazwa na kila kisima ulichokikwepa. Nakala ziende TPDC, TARURA, MTUWASA, manispaa, Mambo ya Kale na ofisi ya kata.

Baada ya msimu mmoja wa mvua, mwezi Mei au Juni, rudi na karatasi za kuta. Pita nyumba kwa nyumba, tazama vioo, linganisha picha, pima mahali palipotitia na upajaze, na pitisha kipimo cha kunusa gesi juu ya mtaro wote kutoka kituo cha presha hadi tawi la mwisho. Sehemu ya malipo ya mkandarasi ishikiliwe mpaka siku hiyo.